Chekechea ya Makorora: mwalimu wa asubuhi nampa tano, mchana tuongee

Wazazi wa Tanga mnaotafuta chekechea, hii ninayompeleka wa kwangu iko huku Makorora, jina sitaji maana nina malalamiko pia. Nyumba ya kawaida tu, uwanja wa mchanga, bembea moja ambayo kwa utitiri ule wa watoto ni kichekesho. Ila mwalimu wa wale wa miaka minne mitano, yule dada ana kipaji jamani.

Kwingine mtoto akiuliza "kwa nini" anajibiwa "nimesema", imeisha hiyo. Huyu anaelezea. Nimemkuta wanacheza rede wakaanza kuzozana, huyu kaguswa yule anakataa, akawaita akawaambia haya leo tukubaliane mpira ukikugusa mara mbili ndo unatoka, wote wakasema sawa. Halafu akawauliza, na tukikubaliana ukikosa umpige mwenzio teke? Hapanaaa, ataumia! Hata mimi mwalimu nikisema ruksa? Hata! Mi nimesimama pale getini mdomo wazi. Baadae nikaja kusoma kumbe kuna mtaalamu wa Marekani, Elliot Turiel, ameyachunguza haya haya tangu miaka ya 1970, kwamba hata watoto wadogo wanatofautisha utaratibu wa kukubaliana tu na kosa ambalo mkubwa hata akiruhusu linabaki kosa.

Kwenye barabara ndo kanimaliza kabisa, maana Ngamiani baiskeli na bodaboda zinakutokea popote. Anawaambia sisi gari zinapita kushoto kwahiyo ukitaka kuvuka anza kuangalia kulia, Rwanda wenzetu wanapita kulia na hawajakosea, wao ndo walivyokubaliana, ila ukienda kwao unafata ya kwao. Wangu sasa kila daladala anaikagua.

Shikamoo nayo, alikuwa ananuna huyo, kaambiwa bibi akiisikia anajua umemuona na umemheshimu, sasa anaamkia mpaka kuku.

Ubaya: ada imechangamka, meseji za grupu la wazazi zinaingia saa nne usiku eti kesho mlete ndoo. Na kubwa kuliko yote, msaidizi wa mchana, huyo kila kitu "ntakuchapa", fimbo anayo mkononi, yaani yote aliyojenga mwenzie asubuhi anayabomoa kabla ya alasiri. Nimeongea na mwenye shule, kasema atalishughulikia, bado nasikilizia. Ukimpeleka wa kwako lipia nusu siku tu, saa sita uwe ushafika getini.