Mashine ya kupumulia usingizini: ipi ya kununua kwanza

Mashine hii ni ya mtu ambaye koo lake huziba na pumzi hukatika akiwa usingizini. Usiulize bei kabla ya kupimwa usingizi. Kipimo huhesabu pumzi yako hukatika au kufifia mara ngapi kwa saa: 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Bila majibu hayo na maelekezo ya daktari, unabahatisha.

Ya kwanza kwangu ni APAP, mashine inayojirekebisha yenyewe. Hupuliza hewa kwa mgandamizo wa kuanzia sentimita 4 za maji (ndicho kipimo cha mgandamizo wa hewa) hadi 20, ikiuongeza koo linapoanza kuziba na kuupunguza linapofunguka. Mtu hulala chali, mara ubavu. Ananenepa, anapata mafua. Mashine hii humfuata.

Ya pili ni CPAP ya mgandamizo mmoja, usiobadilika usiku kucha. Ndiyo kongwe, Colin Sullivan na wenzake wa Australia waliieleza mwaka 1981, na hadi leo hutibu vizuri sana ikiwa kiwango chako kimeshapimwa. Fedha zikibana, inunue bila wasiwasi.

BiPAP, inayokaza hewa ukivuta na kuilegeza ukitoa, naiweka ya tatu kwa sababu ni ya wachache: wanaoshindwa kutoa pumzi mgandamizo ukiwa mkubwa, au wenye matatizo mengine ya kupumua. Daktari ndiye aamue. Zile ndogo za safari zinafuata. Ni nyepesi, ila mara nyingi zina kelele zaidi.

Iliyotumika ni ya mwisho kabisa. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake iliweza kumeguka na vumbi lake kuvutwa mapafuni. Ukilazimika kununua iliyotumika, hakikisha kwanza namba yake haimo kwenye orodha ya zilizotakiwa kurudishwa.

Sasa barakoa, ile unayovaa usoni kupokea hewa ya mashine, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Wengi hukata tamaa na mashine nzuri kwa sababu ya barakoa mbaya. Vijipira vya puani huacha uso wazi na huwafaa wenye ndevu au wanaoona dhiki kufunikwa. Ya kufunika pua huvumilia mgandamizo mkubwa zaidi. Anayelala mdomo wazi, au ambaye pua huziba kila mara, achukue ya pua na mdomo, ingawa huvujisha hewa kwa urahisi zaidi. Ijaribu ukiwa umelala, mashine ikipuliza, kisha geuka ubavu: hewa ikikupiga machoni, saizi si yako. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au anayelala na mtu mwenye nacho, aepuke barakoa zenye sumaku.

Chagua mashine yenye tangi la kulainisha hewa kwa mvuke. Koo kavu hufukuza watu mapema. Tangi hilo hutiwa maji yaliyotoneshwa (distilled), na hayo mabaki ya jana humwagwa kila asubuhi. Mwulize muuzaji kama vichujio na barakoa za kubadilisha vinapatikana muda wote, na kama barakoa isiyokukaa inaweza kurudishwa.