Kozi ya kusoma chati ya kuzaliwa: mwalimu yuko muzuri, programu yao njo shida

Bandugu, nililipa dola 20 ya ile kozi ya unajimu wa Kihindi ya kwenye simu, wiki sita. Mwalimu anaenda polepole, kwanza nyumba 12 (vipande vya chati, kila moja na mambo yake ya maisha), kisha sayari 9 (Rahu na Ketu hauwezi kuziona angani, ni fasi njia ya Mwezi inakatana na ya Jua), kisha nakshatra 27 (vipande vya anga fasi Mwezi unapitia), pale njo kichwa iliniuma.

Sasa shida: ukiandika Kongo, programu yao inaweka saa ya Kinshasa, na sisi huku Goma tuko saa moja mbele! Na lagna, ile alama ya nyota inapanda mashariki wakati unazaliwa, inabadilika karibu kila saa mbili, basi nilishinda siku tatu nasoma tabia ya mtu mwingine, mama alicheka mpaka machozi. Niliwaandikia, jibu kisha wiki moja. Weka saa ya Goma (UTC+2) wewe mwenyewe.

Kama unajua tu "nilizaliwa asubuhi, mvua inanyesha", tafuta kwanza karatasi ya materinite mbele ulipe. Video zinakula mega sana sha. Kuamini ni mambo yako, mi kwa kufundisha nawapa 4 kwa 5.