Zailitoli na sorbitoli kwenye meno ya mtoto

Mzazi anayesimama mbele ya rafu ya duka la dawa hapa Mwanza, ameshika bablishi mbili zilizoandikwa "haina sukari", hudhani kwamba zote ni sawa, ilhali maandishi madogo ya nyuma yanaeleza kuwa moja imetiwa sorbitoli na nyingine zailitoli, vitamu viwili vinavyotumika badala ya sukari.

Sorbitoli ni ya bei nafuu. Bakteria wa ukoga, ule utando mweupe unaoweza kuukwangua kwa ukucha karibu na fizi, huweza kuichachusha na kutoa tindikali, lakini polepole sana, hivyo ni shida kwa tindikali hiyo kushusha pH (kipimo cha uchachu) ya mdomo hadi karibu 5.5, ambapo enameli, gamba gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka. Kwa mtoto aliyezoea kunyonya pipi ya kijiti tangu Kirumba hadi Igoma ndani ya daladala, huo tayari ni unafuu mkubwa.

Zailitoli, iliyopata sifa kwa majaribio ya miaka ya 1970 mjini Turku, Finland, ina faida zaidi: Streptococcus mutans, bakteria wa ukoga anayeozesha meno, huiingiza mwilini mwake, hushindwa kuitumia, na hupoteza nguvu bure, ndiyo maana ukoga wa anayeitafuna mara kwa mara huelekea kupungua. Mimi ningeichagua hii, ingawa bei yake inauma, na siyo mbadala wa mswaki na dawa yenye floridi.

Zote mbili huharisha zikizidi, na bablishi yoyote yaweza kumpalia mtoto mdogo.