Nati ya gurudumu imegoma: bomba au mashine ya betri?

Chomeka bomba la mita moja kwenye wili spana, egemeza kilo 30 mwishoni: unapata kama Nm 300 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Nati nyingi za gari dogo hukazwa kwa Nm 100 hivi. Bomba ni bei ya chuma chakavu na halichajiwi. Ila spana ikiteleza, vidole vinachubuka, kovu ninalo.

Mashine inagonga huku inazungusha, na kutu huachia kwa mishtuko ile. Inamaliza gurudumu upesi, ila ni ghali, betri huchoka, na soketi, vile vikombe vinavyoshika nati, ziwe zile nyeusi nene. Za kung'aa hupasuka.

Gari lako moja? Bomba kwenye buti linatosha. Unafungua magurudumu kutwa gereji? Mashine.