Bima ya HO-6 kwa sisi wenye taunihomu Minnesota, uzoefu wangu baada ya mvua ya mawe

Jamani mlionunua kondo au taunihomu huku Minnesota, hili la bima naomba tuliongelee maana wengi tunakatwa tu kila mwezi bila kujua ndani kuna nini. Mimi nina HO-6, ndo bima ya mwenye yuniti kwenye sehemu yenye HOA, yaani umoja wa wenye nyumba unaosimamia majengo ya pamoja. Bima ya HOA inashika paa, kuta za nje na vitu vya wote, HO-6 yako inashika vya ndani, vyombo vyako, mgeni akiteleza kwako akakushtaki, na gharama za kukaa kwingine nyumba ikiungua. Mpaka wa bima hizi mbili umeandikwa kwenye hati za HOA, kwa zingine bima ya HOA inaishia kwenye ukuta mtupu, maana yake makabati na sakafu ni juu yako.

Lakini kilichoniokoa mimi ni kitu kinaitwa losi asesimenti, sehemu ya HO-6 inayokulipia pale HOA inapowagawia wenye yuniti gharama ya hasara ya wote. Mawe ya huku yanakuja makubwa kama mayai, yakipiga paa na saidingi ya kuta za nje havibaki. Na HOA nyingi siku hizi didaktibo yao ya upepo na mawe, yaani hela mnayotoa wenyewe kabla bima haijalipa, ni asilimia ya thamani ya majengo. Yetu yana bima ya dola milioni 10, didaktibo asilimia 5, piga hesabu, hiyo ni dola 500,000 inatakiwa itoke kwetu kabla bima ya HOA haijatoa hata senti, na tuko yuniti 50 kwa hiyo kila mlango dola 10,000. Barua ya HOA ya kudai hiyo hela ilipokuja watu walilia kweli.

Ajenti wangu, mama mmoja Mkenya, wakati nakata bima aliomba hati za HOA akazisoma mwenyewe, akanipigia akasema mdogo wangu hii asilimia tano itakuja kukuumiza, weka losi asesimenti 25,000, na nyongeza yake kwa mwaka ilikuwa hela ndogo sana. Madai yalipoingia kampuni ikakata didaktibo yangu ya dola 500 ikalipa 9,500. Jirani yangu kampuni nyingine, losi asesimenti yake ilikuwa dola 1,000 tu, iliyobaki anailipa kidogo kidogo mpaka leo na ana watoto wadogo, inaniuma sana.

Tena angalieni vizuri, kuna mikataba imeandika losi asesimenti kubwa lakini ndani wanasema ikiwa deni limetokana na didaktibo ya HOA mwisho wao ni dola 1,000. Muulize ajenti swali hilo hilo, na akujibu kwa imeili, siyo kwa mdomo.

Nisichokipenda: huduma ya simu ni mbovu, unasubiri mpaka unachoka, kila unayempata anataka umuelezee upya, wakadai barua ya HOA na muhtasari wa kikao wakati nilishatuma vyote. Na bima ilipofika kuhuishwa bei ikapanda. Maji yakirudi kutoka kwenye bomba la maji machafu hayamo mpaka uongeze, nimeshaongeza, na mafuriko ni bima ya peke yake kabisa.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kwa yule mama peke yake, kampuni warekebishe simu zao kwanza.