Paneli za stairofomu na zege: ukuta mzuri, plasta ikifanywa sawasawa
Nakuru iko Bonde la Ufa, ardhi hutikisika, kwa hiyo ukuta wa paneli hizi (stairofomu katikati, wavu wa chuma na plasta ya zege kila upande), ulio mwepesi kuliko wa mawe, ni faida kubwa. Nguvu yake iko kwenye nyaya zinazopenya stairofomu na kushika wavu wa pande zote mbili. Zikiwa chache, au zikiachia pale zilipochomelewa, zile tabaka mbili za zege kila moja hubeba mzigo kivyake na ukuta hupinda mapema. Kagua hilo kabla ya kulipa. Plasta isipungue milimita 30 kila upande, simiti 1 kwa mchanga 3 au 4. Wavu ukilalia stairofomu, plasta haiuzunguki. Kona za madirisha ziongezewe wavu wa mshazari, la sivyo zitapasuka. Na kwa jua kali, mwagilia plasta maji siku 7, tafadhali.