Vipimo vya kuongea vya mwanangu: sehemu ya kwanza hapana, ya pili naipa nyota 4

Mwanangu wa kiume ana miaka 4 na miezi 3. Anaongea sana tu, ila mtu baki hamwelewi, mimi na dada yake ndo tunamtafsiria. Alivyokuwa na miaka 2 alikuwa na maneno kama kumi hivi, kila mtu akawa ananiambia wa kiume huchelewa, bibi yake akasema akakatwe udata (kile kingozi kinachoshika ulimi kwa chini), jirani akasema shida ni kimeo. Sikukata chochote namshukuru Mungu. Mwaka huu mwalimu wa chekechea akaniita akanambia mama, huyu mtoto ana akili lakini wenzie wameanza kumwita bubu. Nililia nikiwa kwenye bajaji narudi nyumbani, siku ile ile nikaanza kutafuta pa kumpima.

Nimeenda sehemu mbili, zote hapa Dar, na majina siweki, nataka muelewe tofauti ya upimaji maana hata mimi sikujua kama kuna tofauti.

Sehemu ya kwanza ni pazuri, kiyoyozi, midoli kibao, laki na themanini unalipa mapokezi kabla hujakaa. Dada aliyempima ana heshima sana kwa kweli, ila kazi yote ilikuwa dakika 40. Akatoa kitabu cha picha cha Marekani, anasoma swali la Kiingereza kimoyomoyo halafu anamtafsiria mtoto papo hapo. Kuna picha ilikuwa ya sebule ya kizungu, ile yenye moto unawaka ndani ya ukuta. Mwanangu akaruka kwenye kiti akasema nyumba inaungua! Akaandikiwa kosa. Picha ya kindi akasema panya, kosa. Kuna maswali ya kuchagua kama anayekula ni mwanaume au mwanamke kwa kusikiliza sentensi tu, sasa Kiswahili "anakula" ni anakula, mtoto atajuaje? Kosa tena. Wiki iliyofuata nikapewa ripoti ya Kiingereza: alama 64, ucheleweshaji mkubwa wa lugha, umri wake wa lugha ni miaka 2 na miezi 5, anatakiwa vipindi 24 vinalipwa kwa pamoja. Masikio hakuna aliyeyagusa. Hata kuniuliza nyumbani tunaongea lugha gani hakuniuliza mtu.

Ile 64 ilinikaa kichwani usiku na mchana, nikawa namwangalia mwanangu kama vile simjui.

Dada yangu ndo akanisukuma tutafute maoni mengine. Sehemu ya pili ni kajengo kadogo tu, feni moja, kupata nafasi nilisubiri wiki tano, na hii ndo naiandikia hasa.

Siku ya kwanza mtaalamu alinihoji mimi karibu saa nzima mtoto anacheza pembeni. Mimba ilikuwaje, alilia alipozaliwa, alipata manjano, aliwahi degedege, masikio yaliwahi kutoa usaha, mafua anapata mara ngapi, anashinda na nani mchana. Nikamwambia anashinda na bibi yake mzaa baba, Msukuma, Kiswahili anaongea lakini chake cha kule. Akaandika hiyo. Halafu akanambia, "Mama, leo sitampima kuongea. Kwanza masikio." Akatuandikia cheti twende kwa wapima usikivu, hela nyingine elfu sitini. Nilinuna kidogo, nisiseme uongo.

Kule mtoto alivalishwa hedifoni akapewa vijiti vya rangi, akisikia mlio anatumbukiza kijiti kwenye ndoo. Aliona ni mchezo kabisa. Kuna saa jenereta la jengo la jirani liliwaka, yule kaka akasimamisha kila kitu tukasubiri mpaka likazimwa, akasema akiendelea na kelele ile majibu yatakuwa ya jenereta sio ya mtoto. Mtoto wa umri wake anatakiwa asikie hata mlio mdogo wa desibeli 15 mpaka 20 (ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), wangu alianza kusikia kwenye 35, masikio yote mawili. Wakaweka na kile kifaa cha kusukuma hewa sikioni, wakakuta ngoma ya sikio haichezi, kuna maji nyuma yake. Haumi, hana homa, hakuna usaha, kwa hiyo nyumbani huwezi kujua. Ndo nikakumbuka tivii anavyoiongeza sauti na mimi nampiga mkono. Iliniuma sana hiyo.

Daktari wa masikio akasema maji ya namna hiyo mara nyingi hukauka yenyewe, tusubiri miezi mitatu apimwe tena, yakibaki ndo waongelee vitu vingine.

Siku ya pili ndo kuongea. Na hapa jamani ndo nilielewa kupima ni nini. Mtaalamu alikaa chini kwenye mkeka na mwanangu, wana gari la waya, vikopo, sufuria ndogo, kuku wa plastiki, wanapika wanagombana, simu inarekodi. Hakumuuliza "hii nini hii nini" kama polisi. Baadae akanionyesha daftari lake, sentensi zaidi ya hamsini alizoandika neno kwa neno jinsi mtoto alivyosema. Akanielekeza kitu ambacho sikuwahi kukiwaza maisha yangu yote naongea Kiswahili: "amenipiga" ni neno moja, lakini ndani yake kuna vipande vitano, a-me-ni-pig-a. Kwa Kiingereza hayo ni maneno manne. Kwa hiyo ukihesabu maneno ya mtoto wa Kiswahili kwa kipimo cha Kiingereza utamwona anaongea kidogo kumbe amebeba mengi ndani ya neno moja. Yeye alihesabu vipande. Akakuta mwanangu sentensi zake ziko vizuri, anasema viatu vyangu, kiti kile, ngeli zake nyingi ziko sawa.

Nikamuuliza sasa ile 64? Akachora mstari kwenye karatasi. Testi kama zile zinapangwa ili wastani uwe 100, na watoto wengi, kama thuluthi mbili, wanaangukia kati ya 85 na 115. Lakini wastani wa watoto gani? Wale waliopimwa testi ilipokuwa inatengenezwa, watoto wa Marekani wanaoongea Kiingereza. Ukishaitafsiri mdomoni namba imekufa, huwezi kuiandika kama alama, maana neno rahisi kwa Kiingereza linaweza kuwa gumu kwa Kiswahili na kinyume chake. Unaweza kutumia zile picha kuangalia mtoto anafanyaje, basi, alama hapana. Na hata kwa mtoto wa huko huko Marekani, alama moja haiamui peke yake, ina kukosea kwake juu na chini, akipimwa kesho anaweza kupata tofauti kidogo, ndo maana wanatakiwa waandike alama pamoja na nafasi ya kukosea. Kuhusu ule "umri wa lugha" akasema yeye huwa hauandiki kabisa, unamtisha mzazi na haumwambii afanye nini.

Matamshi sasa. Alimwonyesha kadi za vitu anavyovijua, kuku, gari, kisu, sukari, samaki. Mwanangu anasema tutu, dali, titu, tutali, tamati. Akanigeukia, "Bibi anayeshinda naye anasemaje sukari?" Nikamwambia anasema sukali. Basi ile l kwenye r akaikata, sio ugonjwa huo, mtoto anaongea kama mlezi wake. Dh na th nazo hakuzihesabu maana mtaani kwetu wengi wanasema zahabu na selasini, mtoto atazitoa wapi. Kilichobaki ndo shida yenyewe: k zote anazifanya t, g anaifanya d, s nayo t. Akasema watoto wengi wanapitia hapo wakiwa wadogo lakini kwa miaka 4 k na g zilitakiwa ziwe zimeshakaa. Halafu akamfundisha palepale, akamwambia afungue mdomo kama yuko kwa daktari wa meno aseme kaaa. Mara ya nne ikatoka K. Nilishika mdomo. Akasema hiyo ni dalili nzuri, sauti inayotoka mtoto akisaidiwa kidogo huwa inafundishika.

Udata pia aliuangalia kwa sababu nilimwambia bibi anavyosema. Tochi mdomoni, akampaka asali juu ya mdomo wa juu na pembeni alambe. Akasema udata upo kidogo lakini ulimi unafika kila sehemu, na l, t, n zinazotumia ncha ya ulimi anazitoa vizuri. K inatengenezwa na nyuma ya ulimi, udata uko mbele, sasa ukikata mbele utaipataje k? Hiyo sentensi nilienda kumwambia bibi vile vile ilivyo, na akaielewa.

Kingine nilichopenda, alichukua midoli miwili ya ajabu ajabu akaipa majina ya uongo, huyu anaitwa bupi, huyu teko. Akacheza nayo kidogo, wakaendelea na mambo mengine, baada ya dakika kumi akamwambia niletee teko. Akaleta teko. Maana yake ni kwamba hapo haangalii mtoto anajua maneno mangapi, anaangalia akifundishwa anashika au hashiki, na hiyo haijali umekulia Mbagala au Chicago.

Majibu: kuelewa kwake kuko sawa na umri, anajifunza maneno vizuri, ana tatizo la mpangilio wa sauti pamoja na kusikia kulikopungua kidogo kwa sababu ya maji. Sio ucheleweshaji mkubwa wa lugha. Mpango ni vipindi mara moja kwa wiki, kuanzia k na g mwanzoni mwa neno, baada ya wiki 12 anapimwa upya ndo inaamuliwa kuendelea au la. Unalipa kila unapokuja.

Na kuhusu mdogo wake wa miezi 20, mtaalamu aliniuliza palepale bila kunichaji, orodha ya maneno anayosema na anayoelewa. Akanambia orodha za namna hiyo zilishatengenezwa Kilifi, Kenya, kwa Kiswahili na Kigiriama, mzazi anaulizwa kwa mdomo ili hata asiyejua kusoma ajibu. Yeye baadhi ya maneno amebadilisha yafanane na ya Dar, na kwa sababu amebadilisha hatoi alama, anaitumia kujua tu kama kuna haja ya kuangalia zaidi. Nikaona huyu mtu kanuni anaifuata hata pale ambapo hakuna wa kumkagua.

Nyota moja nimeikata, na sababu ni hizi. Wiki tano za kusubiri ni nyingi kwa mzazi aliyechanganyikiwa, wangekuwa na hata simu ya kukuhoji mapema upelekwe masikio kwanza ungekuta muda haujapotea. Ripoti kurasa nne zote Kiingereza, alinielezea kwa Kiswahili vizuri sana lakini bibi ndo anashinda na mtoto, alitakiwa apate hata ukurasa mmoja anaoweza kusomewa. Na bei, laki na nusu kwa siku zile mbili ukiongeza masikio inakuwa laki mbili na kumi, bima yangu haikulipa hata mia. Kwa mama ntilie wa kwetu hiyo haiwezekani, na watoto wao ndo wanaitwa bubu mpaka darasa la tatu.

Kama unatafuta pa kumpeleka wako, kabla hujalipa piga simu uulize masikio yanapimwa kwanza au la, mtoto anapimwa kwa lugha anayoongea nyumbani au kwa kitabu cha kutafsiri, na mwisho unapewa mpango au unapewa namba. Wakikujibu kwa mkato tafuta pengine. Siku ya kwenda beba kadi ya kliniki ya mtoto, rekodi ya simu akiwa anacheza nyumbani maana wengine wakifika pale wanagoma kabisa, na nenda na yule anayeshinda naye mchana. Mimi nilienda peke yangu, maswali mengine ilibidi nimpigie bibi simu, na yeye alikuwa anajua vitu vingi kuliko mimi.